Jonanga: Nguo, Barabara na Vijana wa Maseno

Siku Onyango aliporudi kwao Kendu akiwa amevaa suruali, watoto walikimbia.

Kisa chenyewe kimo katika Dreams from My Father, kitabu alichochapisha Barack Obama mwaka 1995, na anayekisimulia humo ni Mama Sarah, mke wa Onyango. Wazungu ndio kwanza walikuwa wamefika sehemu za ziwa. Kijana Onyango, ambaye hakuwa mtu wa kutulia, akaondoka nyumbani kwenda kuona Kisumu kuna nini. Akapotea miezi mingi. Aliporudi alikuwa na suruali ndefu, shati, na viatu vilivyofunika nyayo zake. Babake akamkagua, akapiga hesabu: suruali hii inaficha kwamba kijana ametahiriwa, jambo ambalo mila ya Waluo haikuruhusu, na shati hili linafunika upele au vidonda. Akawaambia ndugu zake wasimkaribie, si msafi. Onyango akarudi zake Kisumu, na uhusiano wake na mzee haukupona tena.

Wengi husoma kisa hiki wakacheka. Washamba wameona suruali! Mimi naona mzee alikuwa anauliza swali ambalo bado tunaulizwa kwenye kila rodibloku na kila geti: wewe kijana, umevaa hivyo, umetoka wapi, unaenda wapi, na unaficha nini? Historia ya nguo za vijana kati ya Kisumu na Maseno inalizunguka swali hilo. Nguo ilikuja na barabara. Aliyeivaa alikuwa mtu wa kwenda na kurudi, na mtu wa namna hiyo haaminiki haraka.

Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali Waingereza walipopabandika jina la Port Florence. Nyuma ya reli yakaja maduka ya Wahindi, likiwemo la Alidina Visram, tajiri aliyekuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda, na kwenye rafu kukawa na merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi iliyopata jina kwa Wamarekani walioileta. Kabla ya hapo Mluo wa kawaida hakuhitaji kitambaa. Mwili uliopakwa mafuta, ukapambwa kwa shanga na bangili, ulikuwa umevaa tayari. Mzee alikuwa na ngozi yake. Mwanamke aliyeolewa alikuwa na chieno, mkia wa nyuzi unaofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma, na usidhani chieno ilikuwa urembo tu. Uzito wake ulishinda pete ya ndoa ya leo, kwa sababu pete mtu huivua akioga na hakuna anayeshtuka.

Waliotangulia kuvaa kitambaa walikuwa wakubwa. Kanzu na joho vilikuwa vimeshapanda kutoka pwani pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waswahili, vikapita kwa Nabongo Mumia kule Mumias, na machifu waliowekwa na serikali mpya wakavipenda. Kanzu ilikaa vizuri kwa chifu. Ni nguo ya mtu anayeketi wengine wakimjia. Hebu jaribu kupanda kilima cha Maseno kwa miguu, matope ya Aprili, ukiwa na kanzu nyeupe, halafu uniambie.

Ndipo wakaja vijana. Mwaka 1906 mmisionari J. J. Willis wa CMS alianzisha shule Maseno, karibu kabisa na mstari wa ikweta, pale ambapo leo watu hushuka kwenye gari kupiga picha mguu mmoja huku mmoja kule. Waliotoka hapo kijijini waliitwa josomo, watu wa kusoma. Waliitwa pia jonanga. Nanga kwa Dholuo ni nguo, kitambaa. Jonanga ni watu wa nguo. Nalipenda jina la pili kuliko la kwanza kwa sababu ni la kijiji chenyewe: hakuna jirani aliyeweza kuona kusoma kwako, lakini nguo ilionekana kutoka ng'ambo ya shamba. Jina lilikuwa na sifa ndani yake, na kijembe pia, kama vile leo tunavyosema "huyo ni msee wa luku" bila kujua kama tunamsifu au tunamchoma.

Kilichofuata ni ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani avae nini. Nguo alitaka kila mtu. Wamisionari walitaka Mkristo avae, lakini asipite kiasi. Serikali ilitaka mfanyakazi anunue kitambaa, maana mtu anayetaka kitambaa ataenda kibarua, lakini haikutaka akifika afanane na karani. Wazee walitaka kijana alete pesa nyumbani, basi. Na kijana mwenyewe alitaka suruali.

Picha za zamani za shule za misheni nchini zinaonyesha mtindo mmoja: shati, kaptula ya kaki, miguu mitupu. Kaptula haikuwa suala la joto tu. Katika macho ya mkoloni Mwafrika wa rika lolote alikuwa "boi", na boi alivaa nguo ya boi. Mpishi mwenye wajukuu alihudumia meza akiwa na kaptula. Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu Maseno kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kwenda Alliance High School, alikuwa mtu wa kujinyima ambaye mwenyewe alivaa kaptula, na ni haki kumtaja hivyo. Lakini kuna tofauti kati ya kaptula uliyoichagua na ile uliyochaguliwa. Francis angeweza kubadilisha jioni.

Vijana wa Maseno hawakungoja sana kuonyesha kwamba wanajua tofauti hiyo. Mwaka 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, waligoma. Walitaka masomo zaidi na kazi za mikono zipungue. Miaka kumi na mitatu baadaye, tarehe 23 Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, katika mkutano uliozaa Young Kavirondo Association, vuguvugu ambalo kwa Dholuo linakumbukwa kama Piny Owacho, nchi imesema. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, mwalimu aliyetoka Maseno. Jonanga hao hao. Na mojawapo ya mambo waliyoyapinga ilikuwa kipande.

Kipande huwa tunakiweka kwenye historia ya kazi na kodi. Mimi nakiweka kwenye historia ya mavazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuwa na karatasi hiyo yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, na karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Fikiria. Ungeweza kuvaa blanketi au koti la jeshi ulilorudi nalo kutoka kariakoo, au usivae kitu kabisa, serikali haikujali sana. Lakini ukitaka kutembea nje ya kwenu, vazi la lazima lilikuwa hilo la chuma. Lilifanya kazi ileile ya macho ya mzee kule Kendu, kuuliza unatoka wapi, ila lenyewe halikuchoka na lilikuwa na askari nyuma yake.

Kwa hiyo mtu alipofika Nairobi au Mombasa, akafanya kazi miaka miwili bandarini, akarudi na koti, suruali yenye kunjo lililopigwa pasi ya makaa na kofia ya duara, hiyo haikuwa sherehe ya Uzungu peke yake. Ilikuwa njia ya kuwa na historia nyingine kifuani, tofauti na ile iliyo ndani ya kikebe. Ndio maana watu walitumia mshahara mrefu kwenye koti fupi. Wasomi hupenda kusema walikuwa wanaiga. Labda. Lakini muulize yeyote aliyewahi kushuka stendi ya Kisumu mwezi wa Desemba akitoka Nairobi, bila pesa lakini na raba mpya, kama alikuwa anamuiga mtu.

Upande wa wanawake mambo yalikuwa makali zaidi, na yanasimuliwa kidogo zaidi. Mshahara wa kitambaa ulikuwa mikononi mwa mume, kwa hiyo mwanamke alivaa kwa kuchelewa na mara nyingi kwa ruhusa. Aliyeacha chieno akavaa gauni la misheni alikuwa anawaambia wazee jambo zito kuhusu ndoa na kuhusu nani ana haki juu ya mwili wake. Na aliyevaa gauni akapanda treni peke yake alikuwa amemaliza maneno. Katika miaka ya 1940 na 1950, Luo Union, chama cha ustawi chenye matawi katika miji ya Afrika Mashariki, kiliwasaka wanawake na wasichana walioishi mijini bila waume, kikawarudisha Nyanza kwa nguvu kwa hoja kwamba wanaliaibisha kabila. Chama hicho kiliongozwa na wanaume waliosoma, waliovaa suti. Watoto wa jonanga walikuwa wamejifunza kuuliza lile swali la mzee.

Mtu mmoja wa Maseno aliligeuza jambo hili lote juu chini. Oginga Odinga alisoma pale, akaenda Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha. Kitinda-ugomvi chake na wamisionari, kama anavyoeleza katika Not Yet Uhuru ya mwaka 1967, kilihusu majina: alitaka wanawe wabatizwe kwa majina ya kwao peke yake, bila John wala Peter. Mmoja wa wana hao alizaliwa katika hospitali ya misheni hapo hapo Maseno tarehe 7 Januari 1945, akaitwa Raila. Jina na nguo kwa Jaramogi vilikwenda pamoja. Tazama picha zake za miaka ya uhuru: kofia ya shanga, koti lisilo na ukosi, usinga mkononi. Wenzake wa London na Lancaster House wako na tai. Kuna wanaoliita vazi hilo la jadi, lakini babu wa Jaramogi hakuwa na koti la vifungo. Ni vazi alilolibuni mtu anayesafiri sana, aliyekuwa amefika India, China na Moscow, akachukua kinachomfaa kutoka kila mahali na kuvaa kofia ya nyumbani juu. Vijana wa leo wanafanya hivyo hivyo na wanaambiwa hawana utamaduni.

Miaka ya uhuru naipitia haraka. Kisumu ilipata kiwanda chake cha nguo, Kicomi, yaani Kisumu Cotton Mills, na kwa muda iliwezekana kwa pamba ya Nyanza kulimwa, kusokotwa na kuvaliwa ziwani humu humu. Vijana walivaa bugaluu, suruali zilizobana pajani na kupanuka chini kama tarumbeta, wakacheza benga nazo. Nchi jirani zilikuwa na wasiwasi mkubwa wa nguo: Tanzania ilitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968 dhidi ya minisketi, mawigi na suruali za kubana, na Idi Amin akapiga minisketi marufuku Uganda mwaka 1972. Kenya haikupitisha sheria ya namna hiyo, iliwaachia wazazi, walimu na umati wa stendi. Mwaka 2014, mwanamke mmoja aliposhambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani Nairobi, mamia waliandamana tarehe 17 Novemba, wakisema nguo yangu ni uamuzi wangu. Walioshambulia walikuwa makanga na vijana wa stendi, watu wa barabarani, ambao wao wenyewe hushukiwa kila siku kwa jinsi wanavyovaa.

Halafu ikaja belo.

Mtumba maana yake ya kwanza ni mzigo, furushi. Nguo zilizovaliwa Ulaya zilikuwa zikiingia nchini tangu zamani, na serikali ilizibana kwa miaka mingi ili kulinda viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, marobota yakamiminika kupitia Mombasa, na viwanda vikaanza kufa kimoja kimoja. Kicomi ilikuwa miongoni mwao. Si haki kuulaumu mtumba peke yake, maana kulikuwa na madeni, usimamizi mbaya na wakulima wa pamba wasiolipwa, lakini si kweli pia kwamba mtumba haukuhusika. Watu wa Kisumu wa rika fulani wanabeba vyote viwili kwa pamoja: baba alipoteza kazi Kicomi, mama akasomesha watoto kwa kuuza mitumba Kibuye.

Na wakaupa mtumba jina kali kuliko lolote ambalo mwanauchumi angebuni: kafa Ulaya. Mwenye shati amekufa huko, wewe unamrithi. Jina hilo lilimrudia Raila mwenyewe Juni 2022, alipozindua manifesto yake ya urais na kusema kwamba watu wetu wanavaa nguo za watu waliokufa. Alikuwa anaongea kuhusu kufufua pamba na viwanda, na hoja yake ilikuwa na mshiko. Lakini wafanyabiashara wa mitumba walichachamaa nchi nzima. Nadhani kosa halikuwa la takwimu. Mtoto wa Maseno alisahau kwamba aliyevaa ndiye mwenye haki ya utani huo. Ukiambiwa na jirani yako wa Kibuye kwamba umevaa marehemu, mnacheka. Ukiambiwa na mtu mwenye suti ya kushonewa, hiyo ni lugha nyingine.

Ukubwa wa biashara yenyewe si wa kuchezea. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu. Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimekubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua hadi zikome, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikasimamishwa kwenye nafuu hiyo. Machi 2020 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona. Kufikia Agosti ilikuwa imefungulia tena.

Lakini takwimu hazikuonyeshi Kibuye Jumapili asubuhi, na bila Kibuye huwezi kuelewa vijana wa huku wanavaa nini na kwa nini. Belo ya kawaida ni kilo 45. Unainunua ikiwa imefungwa. Juu kumeandikwa aina, labda suruali za kago za wanaume, labda majaketi mepesi, na zaidi ya hapo ni imani. Huruhusiwi kuchungulia. Belo ikikatwa kamba, walio karibu wanajua: dakika kumi za kwanza ndizo za kamera. Kamera ni zile nguo safi zenye jina, zisizo na doa, zinazoonekana kana kwamba aliyezivaa alizivaa mara moja akapigwa picha. Hizo zinaondoka na wachuuzi wenye jicho, na bei yake haina mjadala. Baada ya hapo bei inashuka kama jua la Dunga, mpaka alasiri mabaki yanamwagwa kwenye turubai, mtu anasimama juu yake anaimba "hamsini, hamsini", na hiyo inaitwa fagia. Jina linajieleza. Kati ya kamera na fagia kuna saa sita hivi, na ndani ya saa hizo kila tabaka la Kisumu limepita hapo. Mwenye gari amekuja saa moja. Mwanafunzi wa Maseno, ambaye matatu imemtoa Luanda saa tatu, amekuja katikati, na hapo ndipo ufundi unapohitajika.

"Omera, hiyo ni yako, imekungoja," mama atamwambia kijana aliyeshika jaketi sekunde mbili tu.

"Mama, hii zipu imekufa."

"Zipu ni ya shilingi ngapi? Jaketi ndilo linakaa mwilini."

Na mama ana hoja, maana mita thelathini kutoka hapo kuna fundi mwenye cherehani ya kukanyaga na mkebe wa zipu. Watu huandika kuhusu mtumba kana kwamba nguo inatoka kwenye belo moja kwa moja hadi mwilini. Haitoki hivyo. Suruali iliyokatwa kwa kipimo cha Mjerumani wa futi sita inapunguzwa kiuno, inaachwa pana chini, inaongezwa mfuko wa siri ndani wa simu, kwa sababu stendi ni stendi. Nguo ya Kisumu ni ya Kisumu kuanzia kwa fundi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, kile kilichoanza kama chuo kishiriki cha Moi mwaka 1991 na kusimama chenyewe mwaka 2001, wameongeza hatua nyingine: comrade ananunua vipande kumi Kibuye, anavifua, anavipiga pasi, anampiga mwenzake picha navyo kwenye ukuta wa Nyawita au Mabungo, na kufikia Jumatano vyote vimeuzwa kwa simu. Karo imepungua kidogo.

Sasa angalia kinachochaguliwa. Hudi, suruali ya kago, raba, tisheti pana, kepi, na jezi ya Gor Mahia wikendi. Ukiuliza wakubwa watasema ni televisheni, ni Marekani. Waulize wamewahi kwenda chuo Maseno wakiishi Kisumu. Ni kilomita ishirini na kitu tu, lakini ziwa liko karibu mita 1,130 juu ya bahari na Maseno iko takriban 1,500. Unaondoka Kondele alfajiri nyuma ya bodaboda, upepo unakukata. Ukipita Kisian kilima kinaanza, ukungu umekaa juu ya mawe makubwa, na Maseno kwenyewe mvua inaweza kuwa imeshaanza. Saa nane unateremka, na Kisumu imekuwa tanuri. Shati la kola na suruali ya kitambaa haziwezi siku kama hiyo. Hudi unaivaa, unaifunga kiunoni, unaikunja kuwa mto kwenye matatu, unafunika nayo kompyuta mvua ikinyesha. Kago ina mifuko ya chaja, kitambulisho, nauli ya kurudi na ndizi. Tisheti pana inapitisha hewa. Hakuna mbunifu aliyekaa mezani kutubunia mavazi haya. Yamechujwa na ile barabara.

Na mengi yake yametoka jeshini au kiwandani, kama kaki ya babu zetu. Mfuko mkubwa wa pajani ulianza na sare ya vita ya jeshi la Uingereza mwaka 1938. Hudi ilisambaa Marekani kuanzia miaka ya 1930 kwa wanamichezo na watu wanaofanya kazi kwenye baridi. Nguo za watu wanaotembea na kubeba huwa zinatambuana. Mzee wa kariakoo aliyerudi na koti la jeshi, akiona kago ya mjukuu, ataijua kazi yake bila kuelezwa.

Kinachoniuma ni kwamba swali nalo limesafiri pamoja na nguo. Muulize kijana yeyote wa Kondele, Manyatta au Nyalenda aliyetembea usiku na hudi. Kofia ya hudi ikiwa juu, askari anaona uso uliofichwa, na mji huu umezika vijana wa kutosha baada ya maandamano na chaguzi kwa mtu kujua kwamba kosa la kusoma nguo vibaya linaweza kuwa la mwisho. Kwa hiyo mama anamwambia mwanawe ateremshe kofia akifika barabara kubwa, hata kama mvua inanyesha. Si mtindo anaoukataza. Anamfundisha kijana kuvaa kikebe chake.

Makazini pia. Kuna ofisi mjini ambazo zitamrudisha mlangoni mtu mwenye raba aliyekuja kuuliza kazi ya kupeleka vifurushi kwa miguu. Hata Bunge limo: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwakataza wabunge kuingia na Kaunda suti, vazi lililopewa jina la rais Mwafrika aliyelitumia kukwepa tai ya mkoloni. Tai ikabaki.

Kuna jambo moja ambalo wale wagomaji wa 1908 wasingeliamini. Pale Maseno, karibu na stendi, fundi ana foleni, na kazi inayomjia sana muhula huu ni moja. Vijana wanaleta suruali za jinzi pana, nzima kabisa, kamera nyingine, na wanataka zikatwe chini kidogo ya goti. Kaptula. Wanaitaka ndefu, pana, na ukingo usikunjwe, uachwe uchanike wenyewe. Wanalipa, wanaivalia pale pale nyuma ya pazia, na wanatoka nayo kuingia barabarani. Mapande ya miguu yanabaki kwa fundi. Anayashona kuwa vipochi vya kuning'iniza shingoni, vya kutosha simu na kitambulisho, na anaviuza kwa hao hao.